Mama Jaa wa Kangle

Kuna mvua inayonyesha kutoka juu na kuna mvua inayotoka ukutani. Hiyo ya pili huijui mpaka ukae Guangzhou mwezi wa tatu, baridi inapoaga na joto linapobisha hodi. Kuta hutoka jasho, sakafu hulia, nguo hukaa kambani wiki nzima, na ukija kuivaa ni kama umemvaa samaki. Mwaka huo ilizidi. Yasemekana kuvu iliota mpaka kwenye ndevu za mwalimu mmoja wa chuo, akazinyoa. Asiyeamini asiamini, lakini ndevu hakuwa nazo tena.

Bi Mwanahija alikuwa akikaa Kangle, mtaa wa vyumba vya kushonea nguo ulio ubavuni mwa masoko ya vitambaa. Chini yake cherehani, juu yake cherehani, na yeye katikati kama nyama ya sambusa. Vichochoro vya huko ni vyembamba hata watu wawili wanene wakikutana, mmoja lazima arudi kwao. Alikuja kutoka Unguja na mumewe Msabaha, aliyekuwa akinunua viatu vya jumla kule Liuhua karibu na stesheni ya treni. Walikaa, wakangoja mtoto, mtoto hakuja. Siku moja Msabaha akaenda nyumbani kupokea kontena, akapokea na mke. Hakurudi tena. Bi Mwanahija akabaki na sufuria zake na jiko la umeme, akaanza kuwapikia wafanyabiashara.

Kisha akaja mwanafunzi mmoja, Gaudiosa, msichana wa Bukoba, akajifungua hapo mjini bila mama wala shangazi. Bi Mwanahija akamkanda kwa maji moto, akamfunga tumbo kwa kanga, akamnywesha uji wa pilipili manga mpaka maziwa yakatoka. Habari ikaenea. Toka hapo kila mwanamke wa kwetu aliyezaa Guangzhou, awe wa Dar, wa Mombasa au wa Kongo, alipita kwenye mikono ile. Walisema hata mtungi ukikandwa na Bi Mwanahija utarudi bapa. Akaogesha watoto wa watu, akawanyoosha, akawapaka wanja, akawarudisha kwa mama zao.

Na wale mama wote wakapata majina. Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake la kuzaliwa hukunjwa likawekwa sandukuni. Huyu Mama Careen, yule Mama Khalid. Wakikutana ngazini ni "Mama Khalid, hujambo?", "Sijambo, Mama Careen." Akifika yeye ni "Shikamoo, Bi Mwanahija." Ni heshima, ndiyo, lakini heshima ya mgeni. Hakuna aliyemwita Mama Nani. Hilo ndilo jambo alilolitaka duniani, na hakumwambia mtu, kwa sababu mwenye njaa hatangazi njaa kwenye harusi.

Kisha likaja la Kauthar.

Kauthar alikuwa mke wa Khatib, mnunuzi wa vitambaa. Binti wa mjini, mwembamba, mwenye macho ya mtu aliyezika. Alikwisha zaa mara mbili, na mara zote mbili mtoto alifariki kabla ya arobaini, bila homa, bila kilio, amelala tu. Sasa alikuwa na mimba ya tatu na akawa haongei. Khatib alikuwa safarini nyumbani na mzigo. Bi Mwanahija alikwenda kumpikia, akamkuta amekaa gizani akitazama ukuta unavyotiririka.

"Hata ukuta unalia, Bi Mwanahija," alisema. "Unajua."

"Ukuta haujui kitu, mwanangu. Ukuta ungekuwa na akili ungekwisha hama. Sikiza. Kwa mama yako hawakupata kukwambia habari ya mtoto wa jaani?"

"Mtoto wa jaani ndiyo nini?"

Akamweleza. Mwanamke ambaye watoto wake wanaondoka, akizaa tena, kitovu kikishaanguka humchukua mtoto akamweka jaani, juu ya takataka, akajitenga na kuapa kwamba huyu si wake, ni uchafu tu. Hapo apite mwanamke mwingine kama anayepita njia, aone, aokote, aseme: nimejiokotea mwanangu. Yule aliyeokota ndiye mama. Mtoto ataitwa Jaa, au Mwanajaa, jina baya lisilotamaniwa na mtu. Yule mzazi atamnyonyesha kama yaya tu. Kifo kikija kuuliza mtoto wa Kauthar yuko wapi, kitaambiwa: Kauthar hana mtoto.

"Na kinakubali?"

"Kifo ni kijinga kama polisi wa zamu. Ukikijibu bila kubabaika, kinakwenda zake."

Kauthar akacheka, mara ya kwanza tangu mwaka ule kuingia. Kisha akashika mkono wa mwenziwe. "Basi muokote wewe. Awe wako. Uitwe Mama Jaa mbele ya watu wote."

Mama Jaa! Mwingine angeona ametukanwa. Bi Mwanahija alilichukua jina hilo akaenda nalo nyumbani kama mtu aliyepewa dhahabu, akalificha mahali asipopaona mtu. Akikoroga uji alilisema kimoyomoyo. Akipanda ngazi alilisema, goti likaacha kuuma.

Mtoto akazaliwa, wa kike, mwepesi kama kifaranga. Kitovu kikaanguka. Wakachagua asubuhi.

Sasa, jaa la Kangle si maganda ya ndizi wala majivu. Ni matambaa. Vyumba vya kushonea hutupa vipande usiku kucha, na asubuhi vichochoroni hujaa milima ya rangi zote, laini kuliko kitanda cha bwana harusi. Wakaona pale panafaa sana, mtoto hataumia. Hawakuwaza jambo moja, na ni kosa ambalo wasingelifanya ila watu wa kwetu: nyumbani jaa halina mwenyewe. Guangzhou hata kitambaa cha upana wa kidole kina mtu wake. Kuna wanaokusanya, kuna wanaochambua, kuna wanaonunua kwa uzito. Kuweka mtoto juu ya rundo lile ni kumweka sebuleni kwa watu.

Walipatana hivi: Kauthar amweke, ageuke, aende bila kutazama nyuma. Bi Mwanahija angetokea mwisho wa kichochoro. Alikuwa tayari tangu alfajiri. Amevaa kanga mpya, doti iliyokuwa haijafuliwa. Akafika mlangoni, akajinusa, akanuka unyevu wa kuta. Akaona haya. Mtoto anamnusa mama kwa mara ya kwanza, anuse kuvu? Akarudi ndani, akaweka mkaa kwenye jiko la umeme, akautia chetezoni na kipande cha udi, akasimama juu yake na kanga ameitandaza. Mkaa wenyewe ulikuwa umelowa hewa, ukachelewa kushika. Akangoja ushike. Akafukiza mtandio pia.

Aliposhuka, alisikia ukelele.

Katikati ya matambaa alisimama mwanamke mfupi wa makamo, ana mikono ya kitambaa ya kuzuia vumbi, na mtoto yuko kifuani kwake. Alikuwa Ayi Qiu, mkusanyaji wa vipande wa kichochoro kile. Ayi ndiyo shangazi kwa lugha yao, kila mwanamke mkubwa wa mtaani huitwa hivyo. Ayi Qiu alikuwa akipiga kelele kwa Kichina kwamba nani katupa mtoto, nani hana moyo, huku amekwisha vua koti lake na kumfunika. Mtoto alikuwa kimya, amemtumbulia macho.

Kauthar alirudi mbio. Akaona. Akasimama kama aliyemwagiwa maji.

"Bi Mwanahija, ulikuwa wapi?"

Udi ulikuwa ukinukia kichochoro kizima.

Kichina chake kilikuwa cha sokoni, hodari wa bei na wa kukataa, lakini kilitosha kumweleza Ayi Qiu asiite polisi: mtoto hakutupwa, ni dawa, ni mila, ana mama zake wengi. Akanyoosha mikono ampokee. Kauthar akamdaka kiwiko.

"Usimshike! Si umeniambia mwenyewe? Aliyeokota ndiye mama."

"Nimekwambia, mwanangu, lakini huyu hajui..."

"Kifo kinajua. Kimeona nani kaokota. Tukianza ujanja juu ya ujanja, huyu naye ataondoka. Nitazika wa tatu, Bi Mwanahija. Siwezi."

Basi ikawa hivyo, pale pale juu ya vipande vya jinzi na satini. Ayi Qiu alipoelezwa kwamba ameshakuwa mama, alikaa chini juu ya rundo. Hakucheka. Akasema hawezi, yeye ana mkono mbaya. Akasema iko njia: huku pia watoto wa namna hiyo hupewa mama wa kuwalinda. Ng'ambo ya mto kuna hekalu la zamani la Bibi Ua la Dhahabu, mlezi wa wazazi. Twendeni tukampe yeye.

"Kwa sanamu?" Kauthar akauliza.

"Twende tu," alisema Bi Mwanahija. "Kutembea si kusujudu."

Na nia yake alikuwa ameshaificha. Kama Ayi hataki, huenda njiani akampa yeye.

Wakapanda treni ya chini ya ardhi, kisha kivuko. Mto ulikuwa wa kijivu na mbingu ya kijivu, hujui wapi umeishia huu ikaanza ile. Ayi Qiu alimshika mtoto njia nzima kwa sababu Kauthar hakukubali abadilishwe mikono, isipokuwa kunyonya. Katikati ya maji akawahadithia, na Bi Mwanahija akawa anamtafsiria Kauthar, na palipompotea Kichina akashona kiraka chake mwenyewe.

Zamani, mke wa mkubwa wa mji huu alishikwa na uchungu, siku zikaenda zikarudi, mtoto hatoki. Mkubwa akaota anaambiwa: muiteni Ua la Dhahabu. Alikuwa msichana wa kawaida, binti wa watu. Wakamleta. Hajafika hata kitandani, mtoto akalia. Toka hapo kila mwenye uchungu akamtaka yeye. Akiingia mlangoni, mtoto anatoka. Ikafika hadi, akasema Bi Mwanahija, ng'ombe waliokuwa barabarani wakizaa akipita tu, na kuku wakitaga wawili wawili.

"Ayi kasema hivyo?" Kauthar aliuliza.

"Kasema karibu na hivyo."

Lakini hakuna mama aliyekubali mwanawe amwoe. Walimwogopa. Nani alale na mtu aliyekwisha kuwa nusu mungu? Wakamwita usiku na mchana kwenye vitanda vya wenzake, na kitanda chake kikabaki kitupu. Siku moja akaenda ziwani, akaingia, hakutoka. Walipomtafuta kikaelea gogo lenye sura yake, linanukia mji mzima. Gogo la udi.

Tafsiri ya Bi Mwanahija iliishia kwenye gogo. Kauthar akangoja tafsiri.

"Gogo la nini?"

"La mti," alisema. "Gogo la mti tu."

Akafunga mtandio wake vizuri, harufu isitoke.

Hekalu lilikuwa dogo, limebanwa na nyumba za watu, kigae chake kimeota majani. Moshi wa ubani wao ulishindwa kupanda kwa unyevu, ukatambaa chini kama paka. Kauthar alikataa katakata.

"Mie siingii. Khatib akisikia nimeingia kwa masanamu, ataniacha kwa simu."

Akabaki chini ya ukingo wa paa, amejikumbatia. Bi Mwanahija naye alifika kizingitini akakwama. Msikitini unatanguliza mguu wa kulia, chooni wa kushoto, na hapa je? Akasoma Audhu, akaruka na yote miwili, goti likamwadhibu.

Ndani kulikuwa na Bibi mwenyewe, amekaa mbali nyuma ya moshi, uso mchanga. Pande zote mbili walikaa wanawake wa udongo, walezi wake, kila mmoja na mtoto: huyu ananyonyesha, huyu anaogesha, huyu kabeba mgongoni, huyu anamsuta mtoto aliyemkojolea. Mikononi mwao kulikuwa na nyuzi nyekundu walizofungiwa na wanaoomba. Bi Mwanahija aliwatazama mmoja mmoja. Aliwajua wote. Ndiyo kazi yake ile. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeshika mtoto wake mwenyewe.

Ayi Qiu alisimama mbele ya yule anayeogesha, akaanza kulia bila sauti.

"Huyu nilimfungia uzi," alisema. "Nikapata mwana. Desturi ukipata unarudi kushukuru. Nilikuwa na kazi, nikasema mwakani. Mwakani nikasema mwaka wa pili. Akashikwa na homa." Akamtazama mtoto. "Mkono huu haufai, dada. Nampa Bibi. Au mchukue wewe. Wewe unamtaka. Nimeona pale kichochoroni ulivyomnyooshea mikono."

Akamsogeza.

Hakuna aliyekuwa akiwaona. Kauthar alikuwa nje, amewapa mgongo. Ayi angesema: nimemkabidhi huyu, na ingekuwa kweli. Kauthar, kwa uchovu ule, angeamini lolote atakaloambiwa na mwalimu wake wa mila. Lakini mila yenyewe Bi Mwanahija aliijua mpaka pindo lake, na pindo lilikuwa hivi: mtoto wa jaani haokotwi mara mbili. Aliyeokota akimpisha mwingine, mtoto huwa mtu wa kupita mikononi, na anayepita hapiti kidogo, huendelea mpaka kaburini. Hilo hakumwambia Kauthar, hakudhani lingehitajika.

Alimtazama yule kiumbe. Mdomo ulikuwa ukinyonya hewa. Akajiambia: mila ni maneno ya vikongwe. Akajiambia: kifo kitajuaje Kichina? Mikono ikainuka yenyewe. Akanusa unywele wa mtoto, akasikia harufu ya koti la Ayi, vumbi la pamba na jasho, imeshaingia.

Akaishusha mikono.

"Hapana," alisema. "Meiyou. Mimi sina." Ni neno la sokoni, la kumwambia mteja mzigo haupo.

"Basi Bibi."

"Wala Bibi. Huyu ana baba, ni Mwislamu, hawekwi rehani kwa udongo. Ni wewe."

"Nimekwambia mkono wangu..."

"Sikiza, Ayi." Na hapo Kichina cha bei kilimwishia, akasema nusu kwa mdomo na nusu kwa vidole. Alimwambia kwamba kwetu mkono uliofiwa ndio unaotafutwa. Kifo ni mwizi, na mwizi harudi nyumba aliyokwisha kuisafisha, anajua hamna kitu. Anakwenda kwenye mlango ambao hajaujaribu. "Mlango wangu haujapata kufunguliwa," alisema. "Mtoto akiwa kwangu, atasema: aa, hapa sijapaingia. Kwako alishachukua. Kwako atapita bila kutazama."

Aliposema hayo alijisikia mwenyewe, na akajua kwamba ni kweli, au kwamba hata kama si kweli hawezi tena kuyarudisha.

Ayi Qiu alifuta pua kwa mkono wa kitambaa.

"Ni kweli hiyo?"

"Niangalie. Nina uso wa kucheza leo?"

"Niseme nini?"

"Sema: wangu. Sema kwa nguvu, asikie na aliye nje."

Ayi akasema taratibu. Bi Mwanahija akatikisa kichwa. Akasema tena. Mara ya mwisho alipaza hata njiwa wakaruka juu ya dari, na huko nje Kauthar akageuka.

Kurudi, kivukoni, Bi Mwanahija alibeba mikoba.

Mtoto aliishi. Arobaini ikapita, mashavu yakaota. Khatib aliporudi akaambiwa yote isipokuwa hekalu. Siku ya kumtoa nje wanawake wa kwetu walijazana chumbani, wakampokea Ayi Qiu kwa vigelegele, wakamvika kanga, wakamwita Mama Jaa. "Mama Jaa, karibu! Mama Jaa, kaa kwenye zulia!" Alikuwa haelewi neno, akainama kila upande kama mtu anayetafuta sindano. Mama Careen akamnong'oneza Bi Mwanahija, "Na wewe hukuchangamka kwenda mbio? Si ulikuwa hapo hapo!"

"Goti," alisema Bi Mwanahija, akaenda kuangalia wali.

Mwaka uliofuata biashara ya Khatib iliyumba, wakafunga mizigo. Walipoondoka kwenda uwanja wa ndege wa Baiyun, Ayi Qiu aliwasindikiza mpaka mlango wa mwisho. Bi Mwanahija hakwenda. Alikuwa na mzazi wa kumkanda mtaa wa pili, msichana wa bara aitwaye Kawira, mgeni kabisa, analia usiku na mchana. Alimkanda siku hiyo mpaka maji yakapoa.

Kauthar hupiga simu ya picha kila Ijumaa, na hupiga kwa Bi Mwanahija kwa sababu Ayi hawezi kutumia ile programu ya simu ya kwetu. Basi yeye hushuka nayo kichochoroni. Ayi anakuwa amekaa juu ya matambaa, anachambua, pamba nyeupe kwenye nyusi. Mikono imejaa vumbi, hawezi kushika. Bi Mwanahija anamshikia.

Mwanzoni alijua atahitajika kutafsiri, akawa amejiandaa. Mtoto alipoanza kusema, alisogeza uso mpaka puani mwa simu, akaita: "Mama!"

Neno hilo kwa Kichina ni hilo hilo. Ayi Qiu alielewa bila kuambiwa na mtu, akaitikia, akacheka, akaita naye. Kauthar nyuma ya mtoto akamtazama Bi Mwanahija pembeni mwa picha.

"Shikilia vizuri," alisema Ayi. "Inatetemeka, simwoni."

Bi Mwanahija akaishika kwa mikono yote miwili, akaikaza, akaendelea kuishika mpaka mikono ikafa ganzi.